Masale Niliyoyahamisha

Tangu asubuhi nimeketi niwaandikie, na nimeshainuka mara nne. Mara ya kwanza nilikwenda kufunga dirisha, mara ya pili kulifungua. Mke wangu ameniuliza kama kiti kina siafu. Hakina. Ndivyo nilivyoumbwa. Kama mnadhani mchoraji wa mandhari ni mtu mtulivu anayekaa juu ya jiwe akingoja jua lipungue, hamjawahi kukaa juu ya jiwe na mimi.

Nawaandikia nyinyi vijana mnaotandaza picha zenu kando ya njia ya kwenda Irente. Mnaniamkia vizuri, halafu kabla sijamaliza kuitikia mnauliza, "Fundi Yona, mlima unaufanyaje uonekane uko mbali?" Hilo nitawajibu sasa hivi kwa sababu ni jepesi. Mlima wa mbali usiupake kijani. Chukua bluu, tia nyeupe, tia tone moja la rangi ya udongo, kisha kila mlima ulio nyuma ya mwenzake uupunguzie nguvu. Ukungu nao si mweupe. Ukungu wetu wa huku milimani Shambaai una rangi ya kitu kilichojificha ndani yake: ukilalia mikaratusi ni wa kijivu, ukilalia shamba lililolimwa jana una wekundu kidogo. Msiupake kwa brashi, upanguseni kwa kitambaa. Na kile kijani cha kwenye kopo mkiache dukani. Changanyeni nyeusi na njano, mtapata kijani cha mashamba ya chai ya Bulwa mpaka mchumaji atafute kikapu chake.

Hayo ni ya mkono, na mkono hufundishika. Kosa langu kubwa halikuwa la mkono, na hilo ndilo limenikalisha hapa leo.

Mwalimu wangu alikuwa Fundi Mbaruku, mtu wa Tanga aliyepanda huku kuandika mabango ya maduka na hakushuka tena. Mlima hakuwahi kuchora hata mmoja. Alichora vichwa vya wateja kwenye kuta za vinyozi, chupa za soda, na ng'ombe wa buchani mwenye macho ya shemeji anayekudai kitu. Kwake nilijifunza kuvuta mstari ulionyooka juu ya ukuta uliopinda. Nilijifunza kuwamba kitambaa cha marekani kwenye fremu na kukipaka gundi kisha rangi nyeupe, mpaka ukikigonga kinalia kama ngoma. Lakini mwaka haukuisha akaniambia, "Yona, bango linataka mtu wa kukaa. Wewe unaandika herufi tatu unakwenda kuangalia barabara. Nenda ukaichore hiyo barabara." Hakunifukuza kwa hasira. Alinipa brashi mbili na nusu, ile nusu ikiwa imeliwa na panya.

Basi nikawa mtu wa kutembea. Soni, Mtae, Mlalo, mpaka Kwamkoro kule mashariki ambako msitu unadondosha maji hata siku ya jua. Sikukaa mahali siku ya tatu. Nilichora kwa penseli kwenye daftari la shule, nikarudi nyumbani Lushoto kupaka rangi, nikaondoka tena. Wageni walizipenda picha zangu, na wenyeji waliziita mapambo. Neno hilo liliniuma kuliko nilivyokubali. Nilitaka siku moja mtu wa huku asimame mbele ya kazi yangu aseme, hapa ni kwetu.

Siku hizo mvua ilinikamata bondeni chini ya Mlalo, barabara ikakatika, na nikalazimika kukaa siku sita kwa mkulima aitwaye Zakaria na mkewe, Mama Tabea. Siku sita mahali pamoja! Nilidhani nitaumwa. Lakini pale ukumbini kwao bonde zima lilikuwa mbele yangu: ngazi za kabichi na karoti, paa za mabati zikivuja moshi wa jikoni, njia nyembamba ya watu wa kanisani, na chini kabisa chemchemi yenye magimbi pembeni. Upande wa pili wa chemchemi kulikuwa na shamba la Danieli, mdogo wake Zakaria. Kati ya mashamba hayo mawili uliteremka mstari wa masale. Mnayajua masale, yale majani marefu yanayopandwa mpakani. Huku kwetu ukishapanda masale huhitaji kusema tena.

Nilifanya kazi kwa mvua na kwa jua. Zakaria alinitafutia ubao wa kufungia fremu, Mama Tabea alinipikia makande na kunikemea nikiacha chai ipoe. Picha ilikuwa inakuja vizuri kuliko zote nilizowahi kuchora, isipokuwa kwa kitu kimoja. Yale masale yalishuka katikati kabisa, yakaigawa picha vipande viwili kama nywele za mtoto wa shule siku ya kupiga picha. Jicho likifika pale linagota. Nilijaribu kuyafifisha, nikajaribu kuyafunika ukungu. Mwisho nikayahamisha. Niliyasogeza kulia, ng'ambo ya chemchemi, upana wa vidole viwili tu vya kitambaa, na picha ikapumua.

Zakaria aliitazama kwa muda mrefu. Mkewe alikuwa jikoni. Akasema taratibu, "Fundi, umelipendelea shamba langu."

Nikafikiri amenisifu. Nikawaachia picha ile kama shukrani, wakaitundika ukutani kuelekea mlango, na barabara ilipofunguliwa nikaondoka mbio.

Miaka ikapita. Masika moja udongo uliporomoka ukafunika masale yote. Wale ndugu wawili hawakuhangaika kuyapanda upya, maana walielewana, na wake zao walilima magimbi ya pale chemchemini pamoja. Kisha Zakaria akafariki. Haukupita muda mrefu Danieli akachomeka vijiti vyake, si chemchemini tu, bali akapanda navyo mpaka karibu na jiko la Mama Tabea. Akasema mpaka ndiyo huo tangu enzi ya baba yao. Hakuna aliyekuwa na karatasi. Hakuna aliyekuwa amepiga picha ya simu, maana nani hupiga picha shamba la kabichi? Mama Tabea akaifunga picha yangu kwenye shuka, akaipeleka kwenye baraza la ardhi la kijiji. Nami nikaitwa.

Nilivaa koti. Nawaambia ukweli ili mnijue: nilikwenda nimefurahi. Waliiegemeza picha mezani, wakaiwekea vitabu viwili isidondoke, na wazee saba wakaiinamia kana kwamba ni hati. Mapambo gani tena?

Mwenyekiti alikuwa mama mmoja mkali, mwalimu mstaafu. Akaniuliza, "Fundi, kazi hii ni yako?"

"Ni yangu, mwenyekiti."

"Uliichora kichwani, au ulikuwa palepale?"

"Palepale. Siku sita."

"Ulichora ulichokiona?"

Jibu refu lilikuwepo mdomoni. Nilitazama picha, ilikuwa nzuri. Nikamtazama Mama Tabea, amekunja mikono juu ya kanga, midomo inacheza kama anayesali. Nikamtazama Danieli, na kijiti mdomoni, amekaa kama mtu ambaye ameshashinda.

"Nilichora nilichokiona," nikasema.

Danieli akaruka juu. "Mwenyekiti, tangu lini rangi ikawa shahidi?"

"Tangu wewe ulipokosa karatasi," mwenyekiti akamjibu, na watu wakacheka. Wakatuambia turudi wiki ijayo tusikilize neno la mwisho.

Nje watu walinishika mkono. Mama Tabea alinishika mikono yote miwili. Nilitembea kurudi kituoni nikihisi kama nimevaa viatu vya mtu mwingine.

Wiki ile sikukaa. Nilikwenda Magamba kwa miguu, nikageuza bila kufungua mfuko. Nikaenda Soni, nikanywa chai nimesimama, nikarudi. Nilichanganya rangi nikaipangusa, nikachanganya nyingine nikaipangusa nayo. Nilijiambia mambo mengi. Kwamba Danieli ni mwongo zaidi yangu. Kwamba mjane anastahili maji. Kwamba vidole viwili si kitu. Kila sababu ilikuwa nzuri, na kila nilipoimaliza nilijikuta nimesimama tena.

Siku ya tatu nikatafuta daftari la safari ile. Nilitumaini litaniunga mkono. Mtu akitaka kujidanganya hutafuta hata maandishi. Nikalikuta. Penseli ilikuwa imeyaweka masale palepale yalipokuwa, katikati, yakishuka kutoka pembe ya paa la Zakaria hadi kwenye ufa wa jiwe kubwa la chini. Na juu yake nilikuwa nimechora mshale mdogo, nikaandika kwa mwandiko wangu: *sogeza kulia*.

Nikalichukua daftari nikaenda kwa Fundi Mbaruku. Alikuwa mzee sana sasa, anakaa kibarazani mwa mwanawe akisahihisha kwa mdomo mabango ya mtaa mzima.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba. Mbona husimami sawasawa? Kaa."

"Siwezi kukaa."

"Basi sema hivyohivyo."

Nikamweleza yote. Akaliangalia daftari, akalileta karibu na pua. "Unajua mimi niliwahi kuandika KINOZI," akasema. "Herufi kubwa, nyekundu, sokoni. Mtaa mzima ulisoma kabla yangu."

"Ukafanyaje?"

"Nikarudi na ngazi. Saa sita mchana, watu wote wapo. Wengine wakanishikia." Akanirudishia daftari. "Kosa la ukutani lina nafuu moja, Yona. Unajua liko ukuta gani."

"Lakini yule mama atapoteza chemchemi."

"Labda. Huo ndio urefu wa ngazi yako."

Hapo, vijana, nimeinuka tena kidogo. Nimekwenda mpaka uani na kurudi. Sehemu inayofuata siipendi.

Nilijua nikienda barazani moja kwa moja nitakuwa nimemkata Mama Tabea kwa nyuma. Nikapanda gari la asubuhi kwenda Mlalo, nikateremka mpaka chemchemini. Nilimkuta anaosha karoti kwa ajili ya soko, amezipanga mafungu juu ya majani ya mgomba. Aliniona akatabasamu. Nikafungua daftari kabla tabasamu halijanimaliza nguvu.

"Mama Tabea, yale masale kwenye picha niliyahamisha."

"Uliyahamisha wapi?"

"Kulia. Yalikuwa yanaiharibu picha. Yalikuwa huku." Nikamwonyesha, kwanza kwenye karatasi, halafu kwa mkono, penyewe. Mkono wangu uliangukia upande wake wa chemchemi.

Hakulitazama daftari. Alitazama pale nilipoonyesha. "Si kweli," akasema. "Mimi nayakumbuka. Yalipita nyuma ya magimbi."

"Kwenye picha."

"Fundi, nimeyaona kila siku niamkapo, miaka yote hii..." Nikaona anaelewa, na kuelewa kwenyewe kulikuwa kama kumtazama mtu akikosa ngazi ya kukanyaga. Alikuwa ameyaona kila siku, ndiyo, ukutani. Picha ilikuwa imemfundisha shamba lake. Mwanamke yule hakuwa amesema uongo barazani hata nusu. Uongo wote ulikuwa wangu, yeye aliubeba tu kwa nia njema.

"Ulikula kwangu siku sita," akasema.

"Ndiyo."

"Na Danieli alikupa nini?"

"Hata maji hakunipa."

Akasema neno kwa Kishambaa ambalo sitaliandika hapa, kisha akarudi kwenye karoti zake. Nilisimama. Akaosha moja, akaosha ya pili, akaosha tena ile ya kwanza. Nikapanda mlima nikaondoka.

Barazani nilisema mbele ya watu wote. Kwanza walicheka. Mzee mmoja akauliza, "Kumbe! Na mlima pia uliusogeza?" Nikasema mlima niliuacha. "Na kanisa?" Kanisa nililigeuza kidogo, nikakiri, ili mnara uonekane. Wakacheka zaidi, halafu kicheko kikaisha chenyewe, na mwenyekiti akanitazama juu ya miwani.

"Wiki iliyopita nilikuuliza kwa Kiswahili," akasema.

"Uliniuliza, mwenyekiti. Nilisema uongo."

Danieli akapiga makofi, peke yake. Mwenyekiti akamwambia asubiri, kwa kuwa daftari litavipima na vijiti vyake pia. Tukaenda shambani sote na majembe. Wakanisimamisha ukumbini kwa Zakaria pale nilipokaa kuchora, nikaangalia pembe ya paa na ufa wa jiwe kubwa, nikawaelekeza: hapo, teremka, teremka kidogo, hapo. Jembe la kwanza halikupata kitu. La pili halikupata kitu. Nilianza kutoka jasho. Wakachimba zaidi kwenye udongo wa yale maporomoko, na jembe likakata mzizi mnene wa masale, ndani yake rangi ya chungwa. Kisha mwingine, na mwingine, mstari mzima. Mingine ilikuwa bado hai huko chini, miaka yote ile.

Sasa sikilizeni ilivyokuwa. Chemchemi iliangukia upande wa Danieli, kwa hatua chache. Lakini vijiti vyake vya jikoni kwa Mama Tabea vilikuwa mbali mno na mizizi ile, na vyote aliving'oa yeye mwenyewe mbele ya wazee, kimoja kimoja. Baraza likasema maji hayafungiwi mtu, njia ya kuyafikia ibaki wazi kwa nyumba zote mbili. Magimbi ya pale, hata hivyo, yakawa ya Danieli. Mama Tabea alisikiliza mpaka mwisho, akajifunga kanga vizuri, akaingia ndani kwake.

Hakunisalimia kwa misimu miwili ya mvua. Tukikutana ibadani Mlalo aliwapa mkono watu wa benchi zima, akifika kwangu mkono ulikuwa umechoka. Wala msidhani ukweli ulinipa usingizi wa mtoto. Nilikuwa nimefanya jambo sahihi na kumnyang'anya mjane magimbi yake. Yote mawili yalikuwa kweli, na bado ni kweli. Nilizidi kutembea. Lakini nilianza kuuliza watu kabla ya kuchora: njia hii ni ya nani, mti huu alipanda nani, pale mnapaitaje. Fanyeni hivyo. Mtu akikwambia jina la kona, mkono wako hauthubutu kuifuta kona hiyo ovyo. Na mkitaka kuhamisha kitu, kihamisheni, hakuna sheria inayowakataza, ila nyuma ya picha andikeni mlichohamisha. Mimi huandika hivyo mpaka leo, ingawa leo jicho la kulia lina mtoto wa jicho na picha zangu zimekuwa za njano kama zimepikwa kwa binzari.

Siku moja Mama Tabea akaja Lushoto, mlangoni kwangu, na ile picha ndani ya shuka ileile. Mke wangu alimkaribisha chai, akakataa kukaa.

"Nimeileta uitengeneze," akaniambia. "Rudisha masale."

"Nitakuchorea mpya, mama, nzuri zaidi."

"Sitaki mpya. Hii Zakaria aliishika."

Nikamwambia siwezi kuitengenezea hapa, lazima niende palepale. Akasema hilo alilitegemea, na gari linaondoka saa nne.

Basi nikakaa tena ukumbini pale. Nilikwangua rangi kwa kisu taratibu, nikapaka bonde upya pale palipobaki peupe, nikaanza kuyashusha masale katikati. Picha ikakatika vipande viwili kama nilivyoogopa mwanzo. Ni mbaya, siwafichi. Mama Tabea alikuwa anapita na kurudi na kazi zake, hanisemeshi, ila kila akipita anaangalia brashi ilipofika.

Jua lilipokuwa kichwani akateremka na ndoo. Nikamwona Danieli yuko chemchemini anajaza yake. Nikasimamisha mkono. Mama Tabea alifika akasimama kwenye njia, upande wake. Danieli alimaliza kujaza, akainua macho akamwona shemeji yake. Kisha akanyoosha mkono. Mama Tabea hakufanya kitu. Danieli akabaki ameunyoosha, mzee mzima, mpaka nikaanza kuona haya kwa niaba yake. Mwishowe mama akampa ndoo tupu. Danieli akaijaza, akaivusha juu ya mstari, akaiweka chini taratibu isimwagike, akaondoka na ya kwake.

Mama Tabea alipanda na maji kichwani, akayatua mlangoni, akanijia nyuma ya bega akihema.

"Umetuchora?"

"Hapana."

"Afadhali," akasema. "Akiona atafikiri tumepatana. Maliza masale."